Mke wa Gavana Si Mama Kaunti: Kazi ya Mwenzi wa Kiongozi ni Ipi?

Akina mama wa chama chetu kijijini, upande wa magharibi mwa Kenya, waliwahi kuandika barua ya kuomba vitanda viwili vya kujifungulia. Kitanda kilichokuwepo katika kituo cha afya kilikuwa kimechanika mpira, sponji imetokeza, na muuguzi alikuwa akikitandika leso ambayo mgonjwa amekuja nayo mwenyewe. Barua ilikuwa safi, kwenye fulskepu, neno OMBI limepigiwa mstari kwa rula. Juu ya bahasha waliandika "Kwa Mama Kaunti". Aliyetumwa akaifikisha kwa watu wa mke wa gavana.

Walimpokea kwa heshima. Lakini vitanda havikuwa mikononi mwao, wala havikuwa mikononi mwa huyo Mama Kaunti aliyeandikiwa. Mimi huishi Nakuru, na waliponipigia simu kuniuliza wamekosea wapi, niliona kwamba hata sisi tunaofuata siasa kila siku tunayachanganya majina haya.

Mama Kaunti ni jina la mtaani la mwakilishi wa wanawake. Huyo amepigiwa kura. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 97, imetenga viti 47 katika Bunge la Taifa, kimoja kwa kila kaunti, vya wanawake wanaochaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti hiyo. Ana mshahara, ana sauti Bungeni, na jina lake huenda pamoja na ile hazina ya kuwainua wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, NGAAF. Asipofanya kazi, miaka mitano ikiisha unamnyima kura.

Mke wa gavana hakupigiwa kura na mtu, na Katiba haimtaji popote. Mke wa rais, tunayemwita Mama wa Taifa, naye hali yake ni hiyo hiyo. Kama mtu anadhani hicho ni cheo cha lazima, akumbuke enzi ya Daniel arap Moi. Alikuwa ametengana na mkewe, Lena, kabla hajawa rais, na kuanzia 1978 hadi 2002 Kenya ilikaa miaka 24 bila mke wa rais kuonekana kando yake. Serikali iliendelea. Halafu tazama Julai 2024: baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba bajeti za ofisi ya mke wa rais, ya mke wa naibu wa rais na ya mke wa mkuu wa mawaziri zinaondolewa. Tangazo moja, na mafungu yakafutwa. Kiti cha mwakilishi wa wanawake hakiwezi kuondolewa hivyo.

Basi nguvu ya mwenzi wa kiongozi inatoka wapi? Inatoka kwenye ukaribu. Sisi wengine tunapita kwa askari wa lango, kwa karani, kwa katibu, tunaambiwa turudi Alhamisi. Yeye anakula meza moja na mwenye kalamu. Isitoshe, akienda sokoni Kondele au kwenye kliniki ya Bungoma, kamera zinamfuata, na jambo ambalo muuguzi amelilalamikia miaka mitatu linasikika jioni hiyo hiyo kwenye taarifa ya habari.

Ndani ya ukaribu huo mna kazi za namna tofauti. Kugawa sodo, mablanketi au viti vya magurudumu ni huduma. Kuwaambia wanawake wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi ni uhamasishaji. Utetezi ni kitu kingine: ni kumkabili mwenye mamlaka mpaka abadilishe sheria, bajeti au utaratibu. Huduma inapigwa picha vizuri, na siidharau hata kidogo. Msichana aliyepata sodo leo hatakosa shule wiki hii. Lakini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017 ndiyo yaliyoipa serikali wajibu wa kumpa sodo kila msichana aliyebaleghe katika shule za umma. Baada ya hapo hilo ni deni la serikali, na deni unaweza kulidai kortini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Margaret Kenyatta. Januari 2014 alizindua kampeni ya Beyond Zero kupigania uhai wa akina mama na watoto wachanga. Wakati huo takwimu za kitaifa zilizokuwepo, za 2008–09, zilionyesha akina mama 488 wakifa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Aprili mwaka huo alikimbia marathoni ya London, kilomita zote 42, na michango ikawa kliniki za magari kwa kaunti 47. Hapa Nakuru, katika ile hospitali ambayo wazee bado wanaiita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, jengo la akina mama na watoto limepewa jina lake. Nikipita pale asubuhi hukuta wanawake wameketi kwenye ukingo wa sakafu, vikapu vya chai miguuni, wakingoja habari kutoka ndani.

Ila gari la kliniki linahitaji dereva, dizeli, muuguzi wa zamu na dawa. Hayo hayatoki kwenye kampeni. Yanatoka kwenye bajeti ya kaunti, mwaka baada ya mwaka, hata aliyelileta akishaondoka.

Ndiyo maana napenda kuwaonyesha watu Kakamega. Chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Mama asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa kila hatua ya kuhudhuria kliniki, jumla shilingi 12,000. Huo haukuwa ukarimu wa familia ya gavana. Ilikuwa pesa ya umma, yenye mkaguzi.

Na kuna wenzi ambao sauti yao haikungoja cheo cha mume. Dorothy Nyong'o alikuwa akihangaikia saratani kupitia Africa Cancer Foundation kabla Anyang' Nyong'o hajawa gavana wa Kisumu mwaka 2017. Ida Odinga yeye alianza pale ambapo kuwa mke wa mwanasiasa kulikuwa adhabu. Mumewe, Raila, aliwekwa kizuizini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Ida alikuwa mwalimu wa sekondari, akilea watoto peke yake, na mwaka 1988 akapoteza kazi. Hakuwa na msafara wala ofisi. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa walioasisi muungano wa wanawake wapiga kura, League of Kenya Women Voters, wakati ambapo siasa za vyama vingi zilikuwa zinapiganiwa bado. Miaka 17 ilipita kabla mumewe hajawa waziri mkuu. Mtu akiniuliza utetezi wa mke wa kiongozi una sura gani, humtajia huyu kwanza.

Nakuru yetu imelitia swali hili sura mpya. Tangu 2022 gavana ni mwanamke, Susan Kihika, kama ilivyo kwa Gladys Wanga kule Homa Bay. Walichaguliwa wanawake saba nchini mwaka huo. Mwenzi wa gavana hapa ni mume. Watu wanasitasita wamwite nani, na hakuna anayemtarajia agawe sodo. Kusitasita huko kunaonyesha jinsi tulivyoizoea kazi hii kama kazi ya mke, pengine kwa sababu haina malipo.

Akina mama wa kijijini waliandika tena, safari hii Februari. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo anayekuja Mei amekuta sufuria imeshaepuliwa. Barua ilienda kwa idara ya afya na kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi. Nakala moja walimpelekea mke wa gavana, wakimwomba aje akione kile kitanda kwa macho yake, kisha akaseme nyumbani alichokiona.

Alikuja. Muuguzi aliiondoa leso mbele yake, bila kusema neno. Kitanda kimoja kimeingia kwenye makadirio. Cha pili bado wanakidai.