Barua ya siku sitini: nyumba iliyo rehani bado ni yako

Na mwanasheria wa msaada wa kisheria, Mtwara

Watu wengi wanaotuletea barua za benki hapa ofisini wanakuja nazo zikiwa bado zimefungwa. Barua ilipokelewa Mei, ikawekwa kabatini chini ya kanga, mwenyewe akajiambia korosho zikitoka nitalipa. Siku anayotufikia, dalali ameshabandika tangazo la mnada mlangoni. Inaniuma kila mara, kwa sababu barua ile ile ndiyo iliyokuwa na muda wa kuiokoa nyumba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, baada ya marekebisho ya 2008, inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya maandishi inayoeleza amekosea wapi na kwa kiasi gani. Kisha zinahesabiwa siku 60 tangu mdaiwa aipokee. Zikiisha bila kulipa, benki inaweza kudai deni lote kwa mkupuo na kuuza nyumba. Ndani ya siku hizo, hata baada yake kabla nyumba haijauzwa, una haki ya kulipa deni na kukomboa hati yako. Rehani ni dhamana tu. Benki inashika hati, umiliki haujahama.

Kwa hiyo fungua barua. Andika juu yake tarehe uliyoipokea. Halafu nenda kwa afisa mikopo wewe mwenyewe, usimtume kijana.

Tatizo kubwa la huku kwetu ni kalenda. Benki inataka marejesho kila mwezi, na sisi fedha tunaziona kuanzia Oktoba, inapoanza minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho zilizokusanywa maghalani huuzwa kwa pamoja. Kuanzia Mei hadi Julai mkulima wa Tandahimba au Nachingwea ananunua salfa, dawa ya mikorosho, hana anachoingiza. Wengine walijenga vyumba vya kupangisha Mtwara mjini wakati wa msisimko wa gesi, wageni wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu. Hali hizi ziseme waziwazi mbele ya benki, tena kwa ushahidi: risiti za chama cha msingi cha ushirika za misimu miwili mitatu, mikataba ya wapangaji, taarifa ya akaunti. Omba kwa barua upangiwe upya marejesho yaendane na msimu, au muda wa mkopo urefushwe ili rejesho lipungue. Omba pia taarifa kamili ya mkopo, uone riba ya adhabu imeongezwa lini na kiasi gani. Usiahidi usichokiweza, maana ahadi ya pili ikivunjika afisa hatakuwa na la kukutetea kwa wakubwa wake.

Na tafadhali, usiuze korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa nje ya mfumo rasmi, ili kuziba pengo la mwezi mmoja. Unauza mzigo wa Oktoba kwa bei ya njaa, na deni la Novemba linakukuta huna kitu. Kuchukua mkopo mwingine wa haraka kwa riba ya kila wiki ni hatari zaidi. Nimeona nyumba ikiponzwa na mkopo wa pili, mdogo kuliko wa kwanza.

Ukiona kweli huwezi, zungumza na benki uuze mwenyewe. Mnunuzi wa kawaida mwenye nafasi ya kuikagua nyumba hulipa vizuri kuliko anayenyatia mnada.

Kuna mambo mawili ambayo familia huyasahau. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama mke au mume hakushirikishwa, aje mapema, asisubiri nyundo ya dalali. La pili ni bima. Mikopo mingi ya benki hukatiwa bima siku ya kutolewa, ya kulipa salio mkopaji akifariki. Nimekutana na mjane aliyehangaika na marejesho miezi mingi bila kuuliza kama mkopo wa marehemu ulikuwa na bima. Mzee akiondoka, liwe swali la kwanza benki.

Mambo yakifika mnadani, bado una haki zako. Tangazo linatakiwa kutolewa si chini ya siku 14 kabla, na liwe pia kwa Kiswahili. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo, na unaweza kuomba mahakama ibatilishe mauzo. Ndiyo maana ripoti ya mthamini uliyopewa wakati wa kukopa isitupwe. Lakini nisikudanganye: nyumba ikishafika mikononi mwa aliyenunua kwa nia njema, kuirudisha ni kazi ngumu mno, kwani sheria inamlinda naye. Wa kuja kabla ya mnada tunaweza kumsaidia kufungua shauri na kuomba zuio, amri ya mahakama ya kusimamisha mnada. Wa kuja baada yake mara nyingi tunabaki kumsaidia kudai fedha. Na fedha hizo zipo: gharama zikitolewa na deni likilipwa, kinachobaki ni chako. Dai hesabu ya mauzo kwa maandishi, hata kama umeshahama na vyombo vyako viko kwa shemeji.