Kupiga Kambi Jangwani Quartzsite Msimu wa Watu Wengi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila Januari, mji mdogo wa Quartzsite katika jangwa la Sonora, jimboni Arizona, hufurika magari yenye nyumba ndani, yale ambayo Wamarekani huyaita RV. Wengi wa wenye magari hayo ni wastaafu wanaokimbia theluji ya kaskazini mwa Marekani na ya Kanada, na mwezi huohuo hufanyika maonyesho makubwa ya magari ya namna hiyo. Umati huu umezaa dhana ambazo huwagharimu wageni fedha bila sababu.

Dhana: Bila kulipia nafasi miezi kadhaa kabla, utakosa pa kukaa au utatozwa bei ya kuruka.

Hayo ni kweli kwa kambi za watu binafsi zenye umeme na mabomba, lakini sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka mji ni ya serikali kuu, chini ya idara ya ardhi ijulikanayo kwa kifupi kama BLM. Kusini mwa mji kuna eneo la La Posa, lenye ukubwa wa ekari 11,400 hivi, ambako hakuna viwanja vyenye namba wala anayekuwekea nafasi: unafika, unatafuta penye changarawe ngumu, unaegesha. Utaratibu huu wa makazi ya muda mrefu ulianza mwaka 1983, na kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kimekuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Anayekaa msimu wote hufikia gharama isiyotimia hata dola moja kwa usiku. Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizia ada ya mwaka huo.

Dhana: Ardhi ya serikali ni bure, kaa upendavyo.

Yapo kweli maeneo ya bure kandokando ya mji, kama Scaddan Wash, Dome Rock na Hi Jolly. Hili la mwisho lina jina ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja akielezwa: ni Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 na kuzikwa Quartzsite mwaka 1902, jina lake likiwa limepindishwa na ndimi za wenyeji. Katika maeneo hayo ukomo ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unatakiwa kuhama umbali wa kilometa 40 hivi. Ardhi ya amana ya jimbo, yaani ile iliyo chini ya serikali ya Arizona na si serikali kuu, ambayo kwa macho haina tofauti na hiyo nyingine, huhitaji kibali chake.

Dhana: Ukishalipia La Posa, huduma zote zinakufuata mlangoni.

Hapa ndipo wengi hukwama. La Posa ina mahali pa kuchota maji, pa kumwaga maji machafu na pa kutupa taka, ila lazima uyafuate mwenyewe, na umeme haupo kabisa. Chukulia gari lenye tangi la lita 150: watu wawili wakitumia lita 15 kwa siku, wakiosha vyombo kwenye beseni na kufunga bomba wanapojipaka sabuni, watakaa siku kumi bila kusogeza gari. Wakioga kama walivyozoea nyumbani, tangi litakauka siku ya tatu, na kila safari ya kuchota inakula mafuta. Kwa maoni yangu, madumu mawili imara na paneli ya sola huokoa fedha nyingi kuliko kuhangaikia ada ya eneo.

Dhana: Gari dogo lisilo na choo ndilo nafuu zaidi.

La Posa, asiye na choo na tangi la maji machafu ndani ya gari hutakiwa kukaa ndani ya mita 150 hivi kutoka kwenye vyoo vya eneo hilo, kwa hiyo uhuru wa kuchagua mahali unapungua sana.

Dhana: Jangwani hakuna baridi wala mafuriko.

Usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, hivyo gesi ya kupashia chumba iingie kwenye bajeti. Nayo mikondo mikavu yenye mchanga laini, inayovutia kwa kivuli cha miti yake, ni njia za maji: mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kuteremka kwa ghafla huku juu yako mbingu ikiwa safi. Egesha juu ya ukingo, hata kama kivuli kitabaki kule chini.