Usiache Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda kwa Sababu ya Vitamini

Siku hizi tunapokea wagonjwa wanaoacha dawa ya kuzuia damu kuganda na kumeza vitamini badala yake. Mama mmoja alifika kwetu mguu wa kushoto umevimba kutoka kifundoni hadi pajani, ngozi imekaza na ina joto, mkononi kashika chupa ya vitamini B. Wafarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, alikuwa ameiacha siku tisa nyuma. Tafadhali sana, msifanye hivyo.

Ni kweli kwamba mtu akipungukiwa na vitamini B12, B6 au asidi ya foliki, homosisteini, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe, hupanda katika damu, na wenye kiwango kikubwa hupata mabonge ya damu zaidi. Lakini majaribio ya tiba yalionyesha kuwa kuishusha kwa vitamini hakukupunguza mabonge kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Upungufu utibiwe kama upungufu, na bonge litibiwe kama bonge.

Na vitamini K? Hapa watu wanachanganya mno. Ikipungua, mtu hutokwa na damu; damu haizidi kuganda. Anayetumia wafarini haambiwi aache mboga za majani zenye vitamini K, anaambiwa ale kiasi kile kile kila wiki ili kipimo chake cha kuganda kwa damu kisiyumbe.

Daktari akikuandikia kipimo cha homosisteini, njoo asubuhi kabla hujala. Chupa ya damu huwekwa kwenye barafu papo hapo, na plazma, yaani maji ya damu, hutenganishwa ndani ya saa moja, kwa kuwa chembe nyekundu huendelea kuitoa homosisteini hata zikiwa ndani ya chupa. Fomu isiyo na saa ya kutolewa damu hurudishwa. Sampuli iliyokaa mezani hukataliwa, nawe utaitwa upya. Hatukusumbui: jibu lake lingekuwa la uongo. Taja pia kama unatumia metfomini, dawa ya kisukari, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, maana vyote viwili huweza kupunguza B12.

Usijianzishie asidi ya foliki peke yake. Kama unachokosa ni B12, damu itaongezeka na utajiona umepona, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika hadi miguu ife ganzi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, nenda sasa hivi, na dawa zako zote uzibebe.