Hapana, "mitano tena" haifiki 2035

Hoja ile imerudi, kwamba Rais Samia wa Tanzania anaweza kugombea tena 2030 na kukaa Ikulu hadi 2035. Kiongozi akisimama jukwaani akatamka "mitano tena", yaani miaka mitano mingine, au akimsifu Rais hadi akapitiliza kidogo, kesho yake watu wazima na elimu zao wanapiga hesabu: miaka ya 2021 mpaka 2025 ilikuwa ya hayati Magufuli, Mama alimalizia tu, kwa hiyo 2025 ndiyo ameanza ya kwake na 2030 anachukua fomu ya pili. Kisha kauli ya mheshimiwa inageuzwa ushahidi. "Unadhani alisema vile bure?"

Tuanze na Katiba, mafumbo yatafuata. Wanaobishana karibu wote wanaisoma ibara ya 40(2) peke yake, ile inayosema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais. Inayoamua hapa ni 40(4). Hiyo inamhusu Makamu wa Rais aliyeshika kiti kwa mujibu wa ibara ya 37(5), yaani Rais amefariki au kiti kimebaki wazi kwa sababu nyingine. Akikishika kwa kipindi kinachopungua miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea urais mara mbili. Akikishika miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa mara moja tu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021. Miaka mitatu ilitimia Machi 2024, na alikuwa bado yuko Ikulu. Ile mara moja ameitumia Oktoba 2025. Haikubaki nyingine.

Kinachochosha ni hili neno "alimalizia". Linasemwa kana kwamba waandishi wa Katiba hawakuliwaza, wakati ibara ya 40(4) iliandikwa kwa ajili ya mtu anayemalizia. Katiba haiulizi kipindi kilikuwa cha nani. Inauliza umekikalia muda gani. Laiti kiti kingebaki wazi mapema mwaka 2023, muda uliobaki ungekuwa chini ya miaka mitatu, na hapo hao wa 2035 wangekuwa sahihi kabisa. Hakikubaki wazi 2023.

Upande wa pili nao ulikosea kwa miaka minne mfululizo. Walidai hakuwa na sifa kabisa mwaka 2025 kwa kuwa alikwisha kuchaguliwa 2015 na 2020. Alichaguliwa akiwa mgombea mwenza. 40(2) inahesabu waliochaguliwa kushika kiti cha Rais, si waliopita kwenye tiketi moja naye.

Sasa pale penye utamu, ambapo hata mawakili tunapita haraka mno. Ibara ya 40(2) inahesabu kuchaguliwa. Ibara ya 40(4) inahesabu kugombea. Rais wa kawaida akigombea akashindwa, hajapoteza chochote, maana hakuchaguliwa. Aliyerithi kiti kwa miaka mitatu au zaidi akigombea akashindwa, kwa maneno yalivyo, nafasi yake imekwisha. Je, ndivyo waandishi walivyokusudia, au kalamu iliteleza tu? Na uchaguzi ukiahirishwa kwa kifo cha mgombea mwingine baada ya uteuzi, hapo mtu amekwisha kugombea au bado? Ibara iko kimya. Mimi naisoma kwa maneno yake, kwamba kugombea ni kugombea, lakini sitamshangaa jaji atakayesema shabaha ya ibara nzima ni muda wa kukaa madarakani na si idadi ya kampeni.

Twende kwenye kauli zenyewe. Mwaka 2017 hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi alisema kwamba kama si Katiba, angependekeza Magufuli awe rais siku zote. Nusu ya nchi ilisikia pendekezo la kuondoa ukomo. Isikilize tena. Sentensi nzima imesimama juu ya "kama si", na msemaji ni mtu aliyekaa tangu 1985 akaondoka 1995 kwa ukomo huohuo, ulioingizwa kwa mabadiliko ya 1984. Ilikuwa sifa iliyofungwa ndani ya kukiri kwamba kikomo kipo. Kuna anayeweza kubisha kwamba kuutaja ukomo kama kikwazo ni kuanza kuuzoesha umma kwamba unaondoleka. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini hiyo ni hoja ya athari ya kauli kwa wasikilizaji. Haithibitishi mpango uliofichwa.

Mwaka huohuo aliyekuwa mbunge wa Chemba, Juma Nkamia, alisema bila fumbo lolote kwamba anataka kipindi kitoke miaka mitano kiwe saba. Januari 2018 CCM ilitangaza kuwa Rais Magufuli hana nia hiyo. Zanzibar nako, Juni 2024, ikazuka hoja ya miaka saba, na huko hata kitabu ni kingine: Katiba ya Zanzibar ya 1984. Hapa ndipo wasikilizaji wanapochanganya madawa. Urefu wa kipindi, kwa Rais wa Muungano, uko ibara ya 42(2). Idadi ya mara iko ibara ya 40. Anayetaka miaka saba hajagusa "mara moja tu", na anayetaka kuondoa "mara moja tu" hajagusa miaka mitano. Ukisikia neno "kuongeza muda", uliza kwanza ni ibara ipi. Bila kubadili Katiba upo mlango mmoja tu wa kurefusha, 42(4): nchi iwe vitani na adui, Bunge lipitishe azimio, na kila nyongeza isizidi miezi sita.

Mengine nayapitia mbiombio. Shahada si sharti la urais. Ibara ya 39 inamtaka mgombea awe na sifa za ubunge, na ibara ya 67 inataka ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Umri ni miaka 40. "Zamu ya Zanzibar" na "zamu ya Bara" hazimo mahali popote kwenye Katiba, wala fomu moja ya CCM kwa Rais aliyeko madarakani. Hizo ni desturi za chama. Wadhamini wa mgombea ni wapiga kura 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, angalau miwili iwe ya Zanzibar.

Anayehofia ukomo kuondolewa aache kuchambua pongezi za jukwaani, asome ibara ya 98. Kwa mabadiliko ya kawaida inatosha theluthi mbili ya Wabunge wote. Kwa mambo ya Orodha ya Pili katika Nyongeza ya Pili, inatakiwa theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Orodha hiyo inataja kuwapo kwa Ofisi ya Rais. Haitaji ukomo wake. Kwa usomaji wangu, "mara moja tu" inaweza kufutwa kwa njia ile nyepesi, bila kura ya maoni. Nimetafuta hoja nzito ya kunipinga, na ningefurahi kuipata. Ishara ya kweli, basi, ni muswada uliochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na huo hauna fumbo.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya sheria vinalipitia kimyakimya. Anayepima sifa za wagombea siku ya uteuzi ni Tume ya Uchaguzi, na ibara ya 74(12) inazinyima mahakama mamlaka ya kuchunguza ilichotenda Tume katika kutekeleza madaraka yake. Septemba 2025 Mahakama Kuu ilimrejesha Luhaga Mpina, mgombea urais wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, kwenye mchakato, na siku chache baadaye Tume ikamwondoa kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Geuza upande sasa: mwaka 2030 aletwe mtu asiyeruhusiwa na 40(4), Tume impitishe na kutupa kila pingamizi. Kwa 74(12) ilivyo leo, mlalamikaji wa kwanza atakayebisha hodi mahakamani ataulizwa kuhusu mamlaka ya mahakama kabla hajaulizwa kuhusu ukomo.