Mashine ya CNC na athi: uongo niliolishwa na mafundi wa mtaani

Mashine yangu ya milingi (ya kuchonga chuma) ya mkono nimeigeuza CNC, yaani inaendeshwa na kompyuta, hapa Mikindani, na wiki mbili nzima imenikoroga. Ukiwasha spindo (mota inayozungusha kisu) tu, limiti swichi, zile za kusimamisha meza ikifika mwisho, zinapiga alamu na hakuna kitu kimezigusa, na ukishika meza na mkono wa jasho (Mombasa hii nani hana) vidole vinaingia ganzi. Kila fundi stima alikuja na dawa yake.

Wa kwanza akasema chimbia chuma nje, ndio athi hio (njia ya usalama ya stima iliyovuja). Haya piga hesabu mwenyewe. Mawe ya matumbawe na mchanga mkavu huu wetu, chukulia chuma kimekupa ohm 20, stima ni volti 240, laivu ikigusa bodi (mwili wa mashine) zinapita ampi 12 tu na hata fyuzi ya 13 kwa plagi haiungui, bodi inakaa na stima yake inakungoja wewe. Kinachokuokoa ni waya wa athi unaorudi mpaka kwa meinswichi, pamoja na ile breka ya kuvuja ya miliampi 30, inayokata stima ikivuja. Tena chuma cha peke yake, kisichoungwa na athi ya nyumba, kinakupa athi mbili zisizolingana, ukimbie kelele (stima chafu inayozichanganya swichi) uifuate.

Mwengine eti funga nyutro kwa bodi, zote si zinarudi pamoja? Astaghfirullah. Siku nyutro ikikatika, bodi yote ni 240. Usijaribu.

Lakini ulionimaliza ni huu: "chuma na chuma zishashikana", eti athi ishafika kila mahali yenyewe. Chomoa plagi, weka multimita ohm, waya mmoja kwa pini ya athi ya plagi, mwengine gusisha bodi, meza, kasha la inverta (kifaa kinachoilisha spindo stima), spindo, kila mota. Kote isome chini ya ohm 1. Mimi bodi haikusoma kitu, kumbe waya wa athi nimeukaza juu ya rangi! Nikaparura mpaka chuma cheupe, nikatia washa ya meno na grisi juu sababu chumvi ya hewa yetu hii haingoji mtu. Spindo nayo haikusoma kitu vile vile, na nilipofungua plagi yake pini ya nne, ya athi, haijaungwa na chochote ndani, spindo nyingi za bei rahisi ziko hivo.

Shildi je, lile ganda la chuma la kuzuia kelele ndani ya waya? Wanasema liunge na athi huku na huku kila waya. Ya limiti swichi funga upande wa kontrola (kasha linaloamuru mota) tu, ya inverta kwenda spindo ndio pande zote mbili. Na breka ya kuvuja ikikatika usiitoe, filta ya inverta huvujisha kidogo kwa athi hata ikiwa nzima, ipe inverta laini yake na breka inayoiweza.

Laptopu nayo niliichomoa chaja, alamu zikapungua pale pale, kwa hivo kelele nyengine ilikuwa inazunguka kupitia waya wa USB.

Sasa imebaki swichi ya Z peke yake, waya wake niliufunga pamoja na wa spindo kwa uvivu, Jumamosi nautenga.