Saratani ya kichwa na shingo: dawa ya maumivu ifuate saa

Baba mmoja mwenye saratani ya ulimi alikuja kliniki yetu ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) na daftari la shule la mjukuu wake. Kusema hawezi tena, kwa hiyo huandika. Kila ukurasa ameandika kiasi cha maumivu: "usiku, 9 kwa 10". Chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, karibu imejaa. Mama alikuwa akimpa anapomwona analia tu, kwa kuogopa asije akawa teja.

Hofu hiyo tunakutana nayo kila wiki, na ndiyo inayowatesa wagonjwa kuliko uvimbe wenyewe. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4. Ukingoja maumivu yarudi, utakuwa unayafukuza kila siku bila kuyashika. Anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra ageuke teja. Asiiache ghafla tu.

Ratiba yetu ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Hiyo ya mwisho daktari huiandika iwe dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa alale. Maumivu yakichomoza katikati, mpe dozi ya ziada uliyoandikiwa, uiandike, na dozi ya saa yake ibaki palepale. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano; vijiko vya nyumbani havilingani. Uji uliopoa uje nusu saa baada ya dozi, kumeza kutakuwa kwepesi.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Usingizi na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakizoeleki.

Mdomo wenye vidonda vya mionzi usuuzwe mara kadhaa kwa siku: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda, kisha ateme. Nasema bekingi soda, si magadi ya kulainishia maharage! Yale yataunguza.

Maumivu ya kuchoma au ya kupiga kama shoti kutoka sikioni hadi tayani ni ya mishipa ya fahamu. Yataje, maana huhitaji dawa nyingine pamoja na mofini, kama amitriptilini ya usiku. Kidonda kinachonuka nacho kisifichwe kwa khanga. Muuguzi atakuonyesha namna ya kunyunyizia metronidazo, dawa ya kuua bakteria, iliyosagwa.

Akiwa haamshiki, anapumua polepole mno, anakoroma kwa kukosa hewa, au shingo inatoa damu, usimpe dozi inayofuata. Damu ikandamize kwa kitambaa safi, na mwende hospitali saa hiyohiyo na chupa ya dawa mkononi.