Kabla ya kuongeza nguvu majini, inua miguu

Wengi wanaonifuata bwawani huja na lalamiko lile lile: "Kocha, nakimbia kilomita 10 bila shida, lakini nikiogelea mita 25 tu nahema kama nimefukuzwa." Nawaamini. Mapafu yao ni mazima na moyo una nguvu. Kinachowamaliza ni kwamba wanaburuta miguu yao wenyewe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ukitaka kuongeza kasi mara mbili, ukinzani wa maji huongezeka karibu mara nne, na nguvu unayotakiwa kuitoa hufika karibu mara nane. Kwa hiyo anayetegemea misuli peke yake hulipa sana na kupata kidogo. Mimi huanza na mkao wa mwili, na mikono hungoja zamu yake.

Chukua mfano wa mtumbwi uliojazwa mzigo wote tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, inanyanyuka, tezi inazama, na wapiga makasia wanatoka jasho bila kusonga. Mwili wetu una tabia hiyo. Kifua kimejaa hewa, kinaelea kama boya. Nyonga na miguu ni mizito, inataka kwenda chini. Ukiinua kichwa kutazama mbele, unakandamiza nyonga zaidi, na sasa maji hayakutani na utosi na mabega tu, yanakutana na mapaja pia.

Jaribu hivi. Sukuma ukuta kwa miguu, nyoosha mikono mbele, masikio yawe kati ya mikono, macho yatazame sakafu ya bwawa moja kwa moja chini. Usipige miguu. Teleza mpaka usimame, kisha uangalie umefika wapi. Rudia, safari hii ukitazama mbele. Utahisi visigino vinashuka, na utasimama mapema zaidi. Zoezi hili halichukui hata dakika tano, nami humpa kila mwanafunzi, hata aliyeogelea miaka mingi.

Jambo la pili ni pumzi, na hapa ndipo ninapokaa na watu muda mrefu kuliko popote. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye mwili wa mazoezi, alikuwa akipiga mikono 31 kwa mita 25. Nilizama nikamtazama kutoka chini. Uso ukiwa majini hapakuwa na kiputo hata kimoja. Alibana pumzi, akageuka, akajaribu kutoa hewa na kuvuta nyingine kwa ule muda mfupi mdomo ulipokuwa nje. Haiwezekani. Ile hamu kali ya kupumua huletwa zaidi na kaboni dioksaidi inayojaa mwilini kuliko upungufu wa oksijeni, kwa hiyo anayebana pumzi hujiletea hofu mwenyewe. Hofu ikija, kichwa kinainuka. Kichwa kikiinuka, miguu inazama.

Nilimwachisha mikono kabisa. Tulisimama kwenye maji ya kifuani, akawa anatumbukiza uso na kupuliza viputo taratibu kwa pua na mdomo, kisha anageuza uso pamoja na bega, jicho moja likibaki majini, anavuta hewa, anarudi. Wiki tatu baadaye alivuka kwa mikono 23, na alipofika ukutani aliweza kuzungumza nami bila kuhema.

(Kupuliza viputo ni tofauti na mashindano ya kukaa chini ya maji. Kuvuta pumzi nyingi za haraka kisha kuzama kwa muda mrefu kunaweza kumfanya mtu azirai bila onyo, hata muogeleaji hodari. Siruhusu mchezo huo bwawani kwangu.)

Baada ya hapo ndipo mkono unapopata maana. Kosa la kawaida ni kuvuta maji kwa kiganja huku kiwiko kikitangulia kurudi nyuma. Mkono wa namna hiyo unateleza kwenye maji, haushiki kitu. Kiwiko kibaki juu, vidole vielekee chini, kigasha chote (kutoka kiwiko hadi kiganja) kiwe kasia. Kuogelea umekunja ngumi kwa mita 25 hufundisha hili kuliko maelezo yangu yote: kiganja kikikosa kazi, kigasha kinalazimika kuyatafuta maji. Ukifungua ngumi utashangaa jinsi mkono ulivyopanuka.

Kuhusu miguu, ianzie kwenye nyonga, magoti yalegee kidogo, vifundo viwe laini. Kwa masafa marefu usiichoshe. Misuli ya mapaja ni mikubwa na inakula oksijeni nyingi.

Kujipima ni rahisi. Ogelea mita 25 mara nne, pumzika sekunde 20 kila baada ya moja. Hesabu mikono, tazama sekunde, jumlisha namba hizo mbili; jumla ikishuka, unaendelea vizuri. Mikono ikipungua lakini sekunde zikapanda sana, unateleza mno na kupoteza mwendo kati ya mpigo na mpigo. Namba zote mbili zikianza kupanda, mkao umevunjika kwa uchovu. Hapo simama, pumzika dakika mbili, rudi kwenye zoezi la kuteleza, macho yakitazama chini.